Mjomba Alijibuje?

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni tofali. Limeegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Lehemu, anayetengeneza redio, pasi, feni na chochote kilichowahi kuwa na waya, pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro. Fundi mwenyewe hakai benchini. Anaongea kutoka ndani kupitia dirishani, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua. Katibu, aliyekuwa karani wa shule miaka thelathini, anakaa upande wa kivuli, maana anadai elimu haitaki jua. Godoro, mstaafu wa kiwanda cha mikate, anakaa pale ukuta ulipobonyea, na ulibonyea kwa kisogo chake. Na juu ya tofali, mahali ambapo ukijigeuza vibaya wote mnalala chini, anakaa fundi cherehani mmoja mzee ambaye jina lake halisi hapo kijiweni lilishasahaulika. Wanamwita Barua. Saa kumi alasiri anapita Birika, muuza kahawa, anatua jiko lake la mkaa, na mazungumzo yanaanza hata kama hakuna la kuzungumza.

Jina la Barua lina sababu yake. Zamani kulikuwa na kipindi cha redio cha usiku wa manane, kikiitwa "Bado Hujalala?", na mtangazaji wake alijulikana kwa jina moja tu, Mjomba. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu wenye matatizo ya nyumbani na kuzijibu polepole, kama mtu anayemenya chungwa bila kutaka ganda likatike. Katikati alipiga nyimbo. Barua anasema kwamba usiku mmoja, miaka ishirini na sita iliyopita, barua yake ilisomwa. Bahati mbaya hakuna mwingine kijiweni aliyeisikia, na mtu mzima akidai jambo lisilo na shahidi, kijiwe hakimwachi mpaka kaburini.

— Barua, hebu tusimulie tena, — alianza Katibu siku hiyo, hata kahawa haijamiminwa. — Ulikuwa umekaa wapi vile?

— Nimeshawaambia mara mia.

— Ya mia na moja haiui.

— Alikuwa dirishani kwake, — akadakia Fundi Lehemu kutoka ndani. — Anashona sare, kesho yake shule zinafunguliwa.

— Redio iko juu ya kizingiti cha dirisha, maana ndani ilikuwa haishiki, — akaongeza Birika, ambaye miaka hiyo hata hakuwa amehamia mtaani.

— Na paka je? — akakumbusha Katibu. — Mmemsahau paka!

— Paka yuko nje, — alisema Godoro bila kufumbua macho. — Kila usiku anakanyaga majani makavu chini ya dirisha, chakaracha, chakaracha. Siku moja Barua akachoka, akamrushia ndala. Asubuhi akaenda kuiokota, ndala hakuna.

— Mimi hapo ndipo ninapokwama, — alisema Birika akipuliza mkaa. — Barua ya redio naweza kuiamini. Lakini paka wa kuiba ndala?

Wakacheka, na Barua akacheka nao, kwa kuwa mcheko wa kijiweni ukiukataa unaongezwa. Lakini lipo jambo ambalo hakuwahi kuwasimulia, na ndilo lililokuwa likimnyima raha. Barua yake ilimhusu mdogo wake, wa tumbo moja, aliyegombana naye baada ya baba yao kufariki. Ilisomwa kweli, kwa masikio yake aliisikia. Jibu lake hakulisikia. Furaha ya kusomwa redioni ilimpanda kichwani, akaacha cherehani, akakimbia chumbani kumwamsha mkewe. Mkewe akaamka akiuliza nani amekufa. Mpaka waeleweshane na kurudi dirishani, Mjomba ameshamaliza na wimbo mwingine unapigwa. Tangu hapo Barua na mdogo wake hawajasemeshana, na Barua bado anataka kujua aliambiwa afanye nini.

Ndiyo maana miezi hii alianza kuisaka kanda. Alikwenda mpaka kituo cha redio chenyewe, mara tatu, amevaa shati la kutokea. Mara ya tatu mtunza maktaba akamwonea huruma na kumwambia ukweli: kanda zilikuwa ghali, hivyo wiki ikiisha walirekodi ya wiki mpya juu ya ile ya zamani.

— Yaani mnafuta maneno ya mtu kwa maneno ya mtu mwingine? — Barua alimuuliza.

— Mzee wangu, hata ubao wa shule unafutwa, — alijibu yule mtunza maktaba kwa upole.

Habari hiyo kijiwe hakikuikubali.

— Sauti haifutiki, — alisema Fundi Lehemu akiinua chuma chake cha kulehemu kama fimbo ya mwalimu. — Wimbi la redio likishatoka limetoka. Mjomba hivi tunavyoongea yuko nyuma ya mwezi huko, anaendelea.

— Nyuma ya mwezi nani anamwandikia barua? — aliuliza Birika.

— Hoja si hiyo. Hoja ni antena. Nimeshapiga hesabu. Mabomba sita ya maji, moja juu ya jingine, yasimame hapa juu ya paa. Tunamnasa.

— Wahenga walisema, — Katibu akakohoa kidogo, maana wahenga hawatajwi kooni kukiwa kukavu, — mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo na mabomba wapi na wapi?

— Wewe yasimamishe tu, utaona mwenyeji atakavyopona yakimwangukia. Kwanza mnahangaika bure. Mjomba hakuwa mtu mmoja. Walikuwa watatu. Mmoja wa kusoma, mmoja wa kujibu, na mmoja wa kukohoa. Mimi nimeandika mihtasari ya vikao miaka thelathini, naijua kazi ya mtu na kazi ya kamati.

— Mjomba alikuwa amelala, — alisema Godoro.

— Nini?

— Mtu wa kuongea polepole namna ile amelala. Mwenzangu yule, namjua.

Ilibaki njia moja tu, kanda za watu wenyewe. Nani miaka ile hakurekodi kutoka redioni? Barua alikuwa na alama ya kutafutia. Kabla tu ya barua yake, Mjomba alipiga wimbo mmoja wa tarumbeta ambao mwishoni kabisa, vyombo vikishanyamaza, mpigaji mmoja anasikika akipiga chafya. Bendi ilikosa pesa za kurekodi upya, wimbo ukatoka hivyohivyo, na mtaani ukaitwa Wimbo wa Chafya. Mwenye kanda yenye Wimbo wa Chafya, Barua alitangaza, aje nayo kijiweni.

Zilikuja kanda sita. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwa nyuzi, moja ilikuwa na ukoko wa uji. Fundi Lehemu akazisafisha moja moja kwa pamba na spiriti, akaziweka katika redio kaseti yake, na wote wakainamia dirishani. Tarumbeta likapigwa. Chafya ikapigwa. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume akivuta pumzi, ikaanza kusema "Wapenzi wa—" na hapohapo, tak! Kimya. Ukaanza wimbo mwingine. Kanda ya pili, chafya, "Wapen—", tak! Ya tatu hata "Wa" haikufika.

Ilipofika ya sita walianza kutazamana, maana kila mmoja alijikumbuka. Kanda zilikuwa adimu, na nani angepoteza kanda kwa maneno matupu? Kila kijana wa enzi zile alikaa mbele ya redio kidole kikiwa juu ya kitufe, akimvizia Mjomba. Akifungua mdomo tu, unamkata. Na ukichelewa, unajilaumu wiki nzima kwamba umeuharibu wimbo. Mtaa mzima ulihifadhi nyimbo ambazo leo zinapatikana kila mahali, na mtaa mzima ukamtupa mtu waliyekuwa wakikesha kumsikiliza. Fundi Lehemu aliziunganisha zile pumzi zote za Mjomba katika kanda moja. Zilijaa nusu dakika, nazo zilisikika kama mtu anayezama majini.

— Mkataa pema, — alisema Katibu kwa huzuni, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyempinga.

Sasa siku hiyo tunayoizungumza, baada ya raundi ya kwanza ya kahawa, alifika mama mmoja mgeni ameshika pasi iliyokuwa ikirusha cheche. Fundi akaipokea, akamwambia asubiri kidogo. "Kidogo" ya Fundi Lehemu inajulikana, kwa hiyo wanaume wakajisogeza na mama yule akakaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, akimshukuru kila mmoja kwa zamu. Ni hapo Godoro alipofumbua macho yote mawili, jambo lililowashtua, akaingiza mkono mfukoni na kutoa soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na kanda.

— Nimeikuta kwenye sanduku la nguo, — alisema. — Ina chafya.

— Si ulisema wiki iliyopita huna kanda?

— Nilikuwa nimelala.

Fundi akaifuta, akaiweka. Tarumbeta likapigwa mpaka mwisho. Chafya. Pumzi. "Wapenzi wasikilizaji," ilisema ile sauti, "bado hujalala?"

Hakuna aliyesema tak. Kanda iliendelea kuzunguka.

Mjomba alikohoa, akanywa maji, glasi ikasikika ikirudishwa mezani, akasema usiku umepoa na anawasalimu walinzi, wauguzi, madereva na wale wanaomkasirikia mtu aliyelala chumba cha pili. Katibu alivua kofia. Birika alisahau kwamba ameshika kikombe cha mteja.

— Kwa nini wewe hukukata? — Fundi alinong'ona.

— Nilibonyeza kurekodi, — alisema Godoro, — wimbo ukanibembeleza, nikapitiwa na usingizi.

Katika mtaa mzima waliorekodi wote walikuwa macho, na aliyewahifadhia Mjomba ni huyu mmoja aliyelala. Kabla hawajamcheka vizuri, sauti ikaendelea.

"Barua hii inatoka kwa fundi cherehani wa nyumba yenye mlango wa bluu."

Wote wakageuka kumtazama Barua. Mlango wake ni wa bluu mpaka kesho.

"Anasema: Mjomba, shikamoo. Baba yetu amefariki, ameacha watoto wawili na redio moja. Siku ya kugawana vitu mimi nilichukua redio, kwa kuwa ndimi mkubwa. Mdogo wangu hakusema neno. Alibeba kiti cha baba, akaondoka. Tangu siku hiyo ananipita njiani bila kunipa shikamoo, na sasa ni mwezi wa tisa. Mimi ni mkubwa, siwezi kumwamkia mdogo. Yeye ni mdogo, hataki kuniamkia mkubwa. Nakuuliza, Mjomba, nani aanze?"

Mjomba alicheka kidogo, cheko la mtu aliyewahi kuwa na ndugu. Akanywa maji tena.

"Fundi, mwanangu," alisema. "Mimi nakujibu hivi—"

Tak!

Ulianza wimbo mwingine, wa ngoma, wa kelele. Kisha wote wakamgeukia Godoro kwa pamoja.

— Godoro! Umefanya nini?

— Niliamka.

— Uliamka?

— Nilisikia mwanamume anaongea chumbani kwangu usiku wa manane. Ningefanyaje? Nilishtuka, nikabonyeza.

— Maisha yako yote umelala! — Katibu alisimama, benchi likayumba, mama mgeni akashika mkoba. — Umelala harusini kwako! Umelala kazini mpaka mikate ikawa mkaa! Na siku moja, siku moja tu ya kulala kwa faida, ndiyo ukachagua kuamka!

— Si neno, — alisema Fundi Lehemu. — Barua mwenyewe yupo. Barua, Mjomba alikujibuje?

Barua alikitazama kikombe chake. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, inayoanzia masikioni. Akawaambia. Akasimulia alivyokimbia chumbani, mkewe alivyouliza nani amekufa, na wimbo alioukuta wakirudi dirishani.

— Kwa hiyo miaka ishirini na sita unasubiri jibu? — aliuliza Birika taratibu.

— Na huyo mdogo wako yuko wapi siku hizi? — akauliza Fundi.

— Hapo tu, nyuma ya kituo cha mafuta. Anachonga funguo.

— Yule mchonga funguo ni ndugu yako? Mbona funguo zangu zote...

— Ndiyo.

Wote wakainamisha vichwa kwa heshima, na kwa kuwa heshima haijawahi kudumu kijiweni, Katibu akaanza.

— Jibu mimi ninalo. Mdogo ndiye aanze. Kila kitu kina utaratibu wake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

— Hapo mwiba nani, na mguu nani? — aliuliza Birika.

— Yatajulikana mbele ya safari.

— Mimi nasema mkubwa ndiye aanze, — alisema Fundi Lehemu. — Umeme huanzia kwenye nguvu kubwa kwenda kwenye nguvu ndogo. Ukiona unarudi nyuma, hiyo ni shoti.

— Waanze wote pamoja, — Birika alisema. — Barua ana futi yake ya kushonea. Apime kutoka mlango mpaka mlango, wakutane katikati kabisa, mtu wa tatu ahesabu moja, mbili, tatu.

— Katikati kuna mtaro, — Godoro aliwakumbusha.

— Basi wakutane mtaroni! Patano ni patano!

— Wasisalimiane kabisa, — alisema Katibu, ambaye nadharia yake ya kwanza ilikuwa imemchosha. — Iundwe kamati. Kamati ya upande wa mkubwa iiamkie kamati ya upande wa mdogo, iandikwe, ipigwe muhuri, kila mmoja abaki na nakala yake. Mimi naweza kuwa katibu.

— Wewe ulishakuwa Katibu.

— Ndiyo maana nasema naweza.

Barua hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akisikia lile cheko dogo la Mjomba, na kujiuliza kama mtu hucheka hivyo kabla ya kumgombeza mwenzake au kabla ya kumwonea huruma. Alikuwa amekikaribia kitu chake kwa upana wa neno moja, kikamponyoka tena, na sasa hapakuwa na kanda nyingine duniani.

— Samahani, wazee wangu, — alisema yule mama wa pasi.

Walikuwa wamemsahau. Wakamgeukia kwa adabu.

— Mimi si wa hapa, na mambo haya hayanihusu. Nilitaka kuuliza tu. Yule mdogo mtu, usiku ule yeye alisikia?

— Mama, mtaa wote ulimsikiliza Mjomba! — alisema Katibu. — Mtoto hapiti, mbwa habweki.

— Nimeelewa. Lakini si mmesema redio ilikuwa moja, na huyu kaka ndiye aliichukua?

— Ndiyo.

— Basi yule mdogo angesikia kwa redio ipi?

Katibu alifungua mdomo kumtafuta mhenga, hakumpata. Fundi Lehemu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Birika aliinamisha birika lake juu ya kikombe cha Godoro, likatoa matone mawili meusi na unga wa mwisho.

— Imeisha, — alisema, na hakuna aliyejua anazungumzia nini.

Barua alikuwa ameduwaa. Miaka yote hiyo, na usiku wote ule akishona na kupanga maneno ya ile barua, hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Alimpelekea mdogo wake mkono wa mapatano kwa njia ya kitu kilekile alichomnyang'anya. Hata Mjomba angejibu kwa ufasaha wa malaika, nani angesikia zaidi ya yeye mwenye redio? Na mwenye redio alikuwa mbioni kwenda chumbani.

Aliondoka kwenye tofali bila kuaga. Benchi likainama, Godoro akateleza taratibu upande wa chini, akabaki hukohuko. Barua akaingiza mikono dirishani kwa Fundi Lehemu, akaichukua redio moja kuukuu kutoka mezani. Ina ala ya ngozi yenye matundu mbele, na antena yake iliyovunjika iliungwa kwa kijiti cha mwavuli. Ni ya kwake, na Fundi huitengeneza kila mwaka.

— Hiyo sijamaliza! — alisema Fundi. — Kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira tu!

— Inatosha.

— Barua, unaenda kumwambia nini? — aliuliza Katibu.

— Sijui. — Kisha akamgeukia yule mama mgeni, akainamisha kichwa. — Ahsante, dada yangu. Mungu akujalie pasi yako ipone.

Kutoka kijiweni mpaka nyuma ya kituo cha mafuta si mbali. Ni mwendo ambao chai haiwezi kupoa. Barua alikuwa akiukwepa kwa miaka ishirini na sita, akizunguka kwa njia ya soko kila anapokwenda kununua vifungo. Njiani alipanga maneno. Mazuri, ya kikubwa. Alipofika kwenye kona na kumwona mdogo wake amekaa mlangoni, mvi zimemjaa, tupa mkononi, akichonga ufunguo, na kile kiti alichokalia ni kiti cha baba, maneno yote yalimtoka.

Mdogo wake aliinua macho. Hakumtazama yeye, aliitazama redio.

— Nimekuletea, — alisema Barua.

Mchonga funguo aliweka tupa chini. Akanyoosha mikono, akaipokea kama inavyopokewa sahani ya moto. Akaigeuza.

— Antena mmeifanyaje?

— Ni kijiti cha mwavuli.

— Baba angekuua.

— Najua, — alisema Barua. — Nilikunyima redio ya baba. Wote tulikuwa tunaisikiliza naye, mimi nikaibeba peke yangu. Hata kipindi cha Mjomba nilikunyima.

— Hicho hukuninyima, — alisema mdogo wake. — Nilikuwa nasikilizia dirishani kwako.

Barua hakuelewa.

— Kila usiku. Nachuchumaa chini ya dirisha. Tatizo lilikuwa majani makavu, yalikuwa hayana siri. Na siku moja ulinirushia ndala. Ukasema, "Toka, paka we!"

Mzee wa watu alijikuta amekaa kizingitini. Alimwona mdogo wake, kijana wa miaka ile, amejikunja gizani nje ya nyumba ya kaka yake ili asikie sauti ya redio ya baba yake, na roho ikamuuma kuliko ilivyowahi kumuuma.

— Usiku wa barua yangu ulikuwapo?

— Nilikuwapo.

— Alisemaje?

— Kwani wewe hukusikia?

— Nilikimbia kumwamsha shemeji yako.

Mchonga funguo aliiweka redio mapajani.

— Hukusikia, — alisema, si kama mtu anayeuliza. — Mimi niko chini pale, sikukuona ukiondoka. Nilijua umesikia. Nikasema moyoni, kaka kaambiwa na Mjomba, nchi nzima inasikia, na bado hataki. Basi nami nikakaza.

— Kaambiwa nini?

Mdogo mtu akafuta vumbi kwenye ngozi ya redio kwa kidole gumba, taratibu, tundu kwa tundu.

— Mwenye redio ndiye aanze.

Barua aliyapima maneno hayo. Yalikuwa mafupi mno kwa Mjomba, na yalimfaa mno mdogo wake.

— Muongo wewe.

— Wewe ulisikia?

Hakusikia. Walitazamana, na mdomo wa mmoja ukaanza kucheza, wa mwingine ukafuata, kama walipokuwa wadogo wakikatazwa kucheka mbele ya wageni.

Kisha mdogo akainuka kutoka kwenye kiti cha baba, akakisogeza kwa kaka yake.

— Shikamoo, kaka.

Jibu lake ni neno moja, na Barua alikuwa ameliweka tayari kwa miaka ishirini na sita. Lakini machozi yalilitangulia. Alikaa kwenye kiti cha baba yake akilia waziwazi, mikono juu ya magoti, bila kujali nani anapita barabarani. Mdogo wake aliingia ndani na redio. Alisikika akifungua na kufunga masanduku. Aliporudi alikuwa ameshika ndala moja ya kushoto, imekauka na kujikunja kwa uzee, akaiweka chini mbele ya miguu ya kaka yake.

— Haya, — alisema. — Paka amerudisha.

Ndipo Barua alipoweza kusema marahaba.